Bunagana: Kichwa kinauma wiki tatu, bado anapewa dawa ya malaria

Ni aibu, lakini isemwe. Tangu M23 ilipoiteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022, familia zimekimbia mara mbili, mara tatu. Wanaoishi na virusi vya SIDA walikimbia kama wengine, na wapo walioacha vidonge nyumbani. Kinga yao ikishuka, kuvu iitwayo kriptokoko inapata nafasi. Inakaa udongoni na kwenye kinyesi cha njiwa. Mtu anaivuta kwa pumzi, na mwili ukiwa dhaifu inafika kwenye utando wa ubongo na wa uti wa mgongo. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine, kwa hiyo mwenye kumtenga mgonjwa kambini anamwonea bure.

Kichwa kinauma siku baada ya siku, anatapika, anaona vitu viwili viwili. Anaandikiwa dawa ya malaria. Inaisha, anaandikiwa tena. Jirani anasema amerogwa. Akifika hospitali kubwa, daktari anataja sindano ya mgongo na familia inakataa: eti sindano hiyo inaua! Watu wameona mgonjwa akichomwa leo na kufa kesho, hawahesabu wiki alizopotezewa kabla. Maji yanayotolewa mgongoni yanaonyesha ugonjwa, tena yanapunguza shinikizo linalomuua kichwani.

Lakini tusiwabebeshe familia mzigo wote. Kuna kipimo cha damu kidogo, jibu dakika 10, kinachoigundua kuvu hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Dawa zipo pia. Mwaka ule ule wa 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, hata Mbarara, ng'ambo ya mpaka huu huu: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mshipani, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli vya siku 14. Shirika la Afya Duniani likaukubali mpango huo mwaka huo huo. Mahema yanavuka mipaka, unga unavuka. Kwa nini kipimo hiki kisivuke?

Wanaosimamia afya, awe nani anayetawala mji, wanadaiwa jambo moja: kila aliyekatiza dawa za SIDA apimwe kuvu siku anayorudi, kabla hajaanzishiwa vidonge upya. Na wewe uliyepoteza vidonge njiani, mwambie muuguzi wazi. Usimwambie tu kwamba kichwa kinauma.