Kabla ya kumwagia samaki kapsuli, tazama maji yake

SI ajabu tena mtu kuingia sebuleni kwa mwenzake hapa Kigali, iwe Kimironko, Remera au Nyamirambo, akakuta tangi la kioo limewekwa kando ya televisheni na samaki wa rangi wakizunguka ndani yake. Baadhi yetu tulizoea pambo hili tulipokuwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na tuliporejea nyumbani tukarudi na mapenzi yale yale. Wengine wameliona hotelini wakalitamani. Hakuna ubaya wowote. Ubaya unaanza siku samaki anapougua.

Siku hiyo hufanyika jambo ambalo kwa maoni yangu limefika mahali pa kukemewa. Samaki ameacha kula, amejibanza kwenye kona, mapezi ameyafumba, au mwilini ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Mwenye nyumba anafungua kabati, anatoa kapsuli za tetrasaiklini zilizobaki tangu mtu fulani alipougua, anazipasua na kumwaga unga wake ndani ya tangi. Maji yanageuka manjano. Kesho yake samaki wawili wanaelea juu, keshokutwa watano, na mwenye nyumba anatangaza kwa majirani kwamba ugonjwa ulikuwa mkali. Mara nyingi ugonjwa haukuwa mkali hata kidogo. Dawa ndiyo iliyomaliza kazi.

Nitaeleza kwa nini, maana bila kuelewa hili hatutafika popote. Samaki anakunya na kukojoa ndani ya maji yale yale anayoyavuta kwa mashavu yake. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa amonia, na amonia ni sumu inayounguza mashavu. Kinachomwokoa ni bakteria wema wanaoishi kwenye chujio na kwenye mawe ya chini. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Jeshi hilo huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Antibaiotiki iliyotengenezwa ili iue bakteria inaweza kulidhoofisha jeshi hilo kwa siku chache tu, kwa sababu haichagui kati ya bakteria mwema na mbaya. Samaki aliyekuwa mgonjwa sasa anakuwa mgonjwa na tena anavuta sumu.

Jambo jingine, vile vidoa vyeupe tunavyoviona mara nyingi havitokani na bakteria kabisa. Ni kimelea kinachochimba chini ya ngozi ya samaki na kujilisha humo. Kummwagia tetrasaiklini samaki mwenye vidoa hivyo ni sawa na kumpa mtu dawa ya macho kwa sababu anaumwa tumbo.

Najua jibu nitakalopewa. Jirani yangu alimwaga kapsuli na samaki wake wakapona! Sikatai kwamba walipona. Ila muulize jirani alifanya nini kingine siku ile. Utakuta alipoona maji yamekuwa manjano alistuka, akatoa nusu yake akaweka mengine safi. Waliopona waliponywa na ndoo ya maji, sifa ikaenda kwa kapsuli.

Sasa tuje kwetu. Mtu aliyefuga samaki Dar es Salaam, ufukweni mwa bahari, ambako hata usiku wa msimu wa joto kipimajoto hakishuki sana, akija kufuga Kigali kwa kanuni zile zile atazika samaki kila mwezi. Mji huu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 16 au chini kidogo, na maji ya sebuleni nayo hushuka polepole bila mwenye nyumba kujua. Samaki wengi wa mapambo ni wa nchi za joto, wanataka nyuzi 24 hadi 27. Wakipigwa na baridi, kinga yao hulegea, na kile kimelea cha vidoa vyeupe hupata nafasi kilichokuwa kikiisubiri. Isitoshe, katika mwinuko huu hewa ina oksijeni kiasi cha sehemu 5 kati ya 6 za ile ya pwani, kwa hiyo hata maji hushika kidogo zaidi. Tangi lililobeba samaki 20 Dar es Salaam bila shida, hapa huenda likalemewa na hao 20. Ukiongeza saa kadhaa za umeme kukatika na pampu ya hewa kunyamaza, usishangae ukiamka na kuwakuta wote wako juu wakihema midomo wazi.

Yapo pia maji ya bomba. Maji ya Kigali, yawe ya mtambo wa Nzove unaochota Nyabarongo au wa Kimisagara unaochota mto Yanze, hutiwa klorini ili sisi tusipate kipindupindu. Klorini hiyo hiyo huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: weka maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, ukiweza tia humo bomba la pampu ya hewa, ndipo uyatumie. Lakini wangapi wetu hufanya hivyo? Wageni wanakuja Jumapili, Jumamosi jioni mfanyakazi wa nyumbani anaambiwa asafishe tangi, anamwaga maji yote, anasugua mawe na chujio kwa sabuni ya unga mpaka vinang'aa, anajaza maji moja kwa moja kutoka bombani. Kwa macho ya wageni tangi linapendeza. Kwa samaki huo ni msiba.

Basi afanyeje mtu ambaye leo hii samaki wake anaumwa? Kwanza aache kulisha kwa siku moja au mbili. Samaki mkubwa mwenye afya haumizwi na njaa ya siku mbili, na kila chembe isiyoliwa ni amonia ya kesho. Pili atoe theluthi moja ya maji, akinyonya uchafu wa chini kwa mpira, aweke mengine yaliyolala kwenye ndoo na yenye joto linalolingana. Tangi la lita 60 ni jerikani 3 za lita 20. Kwa hiyo toa jerikani moja, rudisha jerikani moja. Arudie kesho na keshokutwa. Chujio lisafishwe kwa kulisuuza tu ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba. Samaki wengi walioonekana mahututi huchangamka kwa hayo peke yake.

Na wakati wa kunyonya maji, tafadhali usivute mpira kwa mdomo, wala usiingize mkono wenye kidonda. Kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoshambulia samaki, ambao hupenya kwenye jeraha la binadamu na kusababisha uvimbe wa ngozi unaohitaji miezi ya matibabu.

Kama ni vidoa vyeupe, hapo kuna kazi zaidi, lakini bado hatujafika kwenye kapsuli. Kimelea kile kikishiba hutoka mwilini mwa samaki, hudondoka chini, hujifungia ndani ya kifuko na kugawanyika hadi kuwa mamia ya vijana wanaotoka kutafuta samaki mwingine. Kikiwa chini ya ngozi hakuna dawa ya maji inayokifikia vizuri, wala kikiwa ndani ya kifuko. Kinakamatika pale tu vijana wanapoogelea, na wasipopata samaki katika siku mbili hivi hufa wenyewe. Ndiyo maana mtu anayetibu siku moja, akaona vidoa vimetoweka na kuacha, huviona vimerudi wiki inayofuata kwa wingi zaidi. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima huisha ndani ya wiki moja hivi. Katika maji ya baridi kama ya usiku wetu huenda wiki mbili au zaidi, na matibabu lazima yarefuke vivyo hivyo.

Kwa hiyo mwenye hita aongeze joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka 28 au 29, ili kimelea kiharakishe kutoka, na pampu ya hewa aiache iendelee usiku na mchana kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo. (Wale wa dhahabu wanapenda maji ya baridi zaidi, hao wasipandishwe kiasi hicho.) Kisha chumvi. Gramu 2 kwa kila lita zinatosha kwa samaki wengi, yaani gramu 120 kwa tangi letu la lita 60, zikipimwa kwenye mizani ya dukani badala ya kukadiriwa kwa kiganja. Iyeyushwe kwanza kwenye jagi na itiwe kwa awamu katika siku mbili. Kambare wa mapambo wasio na magamba hawaipendi, wapewe nusu. Aendelee hivyo kwa siku 10 hadi 14, hata kama vidoa vimeondoka, huku maji anayoyabadilisha akiyarudishia chumvi yake.

Hapa sasa nageukia ndugu zangu wafanyabiashara wa mipakani, kwa sababu samaki wengi hawaugulii sebuleni. Hufika wakiwa wagonjwa. Samaki anayetoka Kampala kupitia Gatuna, au Dar es Salaam kupitia Rusumo, amesafiri usiku mzima au zaidi, amebanwa na wenzake, akivuta mkojo wake. Kwingineko samaki husafirishwa kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni, lakini sote tunajua habari ya mifuko ya plastiki na mpaka wa Rwanda tangu mwaka 2008. Matokeo yake samaki wanahamishiwa kwenye ndoo au jerikani yenye mdomo mwembamba, hewa haiingii, na safari inaendelea kwa maombi. Sheria ile ni nzuri na siombi ilegezwe kimyakimya. Naomba mfanyabiashara ajipange: asiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, awe na ndoo pana yenye mfuniko uliotobolewa na pampu ndogo ya betri, na apunguze idadi. Samaki 30 waliofika hai wana faida kuliko 80 waliofika nusu yao migongo chini. Akifika, maji ya safari asiyamwage kwenye tangi la duka, na samaki wapya akae nao peke yao wiki mbili kabla ya kuwauza. Najua wiki mbili ni fedha iliyolala. Lakini mteja aliyezika samaki watano ndani ya wiki moja harudi tena, na huwaambia wenzake.

Nayasema haya pia kwa waganga wa mifugo. Nchi iliyoanzisha Girinka mwaka 2006 ina watu wanaojua ng'ombe kwa undani, na hilo tunajivunia. Samaki naye ni mnyama. Anayepeleka swali lake kwa mganga asirudishwe kwa kicheko, maana akichekwa huko ataishia duka la dawa baridi.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa watu walioshiba, samaki wa faranga elfu chache ana uzito gani. Mimi nafikiria ile kapsuli. Kizazi chetu kinakumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea. Bakteria nao huzoea namna hiyo hiyo, kwa dozi nusu nusu zinazomwagwa ovyo. Na maji ya tangi lenye tetrasaiklini humwagwa wapi? Kwenye mtaro. Mtaro huenda Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huenda Akagera, na Akagera humwaga Ziwa Victoria, kwa ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba wanaovua sato. Njia hiyo imeshapitisha mzigo mwingine wa mapambo. Gugu maji, lile ua la zambarau lenye asili ya Amerika Kusini, lilipendwa kwa kupamba mabwawa ya bustani. Likashuka na Akagera, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kuonekana ziwani, ambako baadaye lilifunga bandari na kuzuia mitumbwi. Aliyelipanda la kwanza bila shaka aliona ni ua tu.

Kwa hiyo antibaiotiki ibaki kuwa hatua ya mwisho, kwa samaki mwenye vidonda au mapezi yanayooza hata baada ya maji kurekebishwa, na iwe kwa ushauri wa mganga, katika ndoo ya pembeni na si kwenye tangi zima. Ikishindikana, na samaki amelala ubavu bila matumaini, usimtupe mtaroni akiwa hai wala usimpeleke ziwani ukidhani unamhurumia. Atawapelekea wa huko ugonjwa wake. Mafuta ya karafuu, haya haya ya Zanzibar, matone kadhaa yakitikiswa kwanza kwenye chupa yenye maji kidogo na kumiminwa kwenye bakuli alimo, humlaza usingizi. Kisha unaongeza mengine mpaka mashavu yasimame kabisa, na umwache humo nusu saa zaidi. Mfukie bustanini, kina cha jembe moja, mbali na mdomo wa paka.