Wacheni Kutudanganya Eti var na let ni Kitu Kimoja

Wasee, leo sina utani. Kila wiki naona mtu kwa video akifundisha JavaScript, na dakika mbili haziishi kabla aseme, "var, let, zote ni sawa, chagua moja tuendelee." Si sawa. Na huo uvivu una bei. Mimi nimeilipa.

Mwaka jana nilimtengenezea mama mmoja wa mtaani anayeuza keki ukurasa wa kupokea oda. Fanksheni moja ilijumlisha bei za keki, nyingine ilitafuta nauli ya boda. Ndani ya zote mbili niliandika tu jumla = na kuendelea. Bila let, bila const, bila chochote. Nikajaribu na oda ya mteja kujichukulia mwenyewe, ikakubali. Nikaposti, nikajiita developa.

Jumamosi mteja akaagiza keki ya 1,450 aletewe nyumbani. Nauli 200. Fanksheni ya nauli ilipoitwa, ikaandika 200 juu ya ile jumla ya keki, kisha ukurasa ukaongeza nauli tena. Mteja akaona 400, akalipa 400. Kwani ningemlaumu? Mama alipungukiwa na 1,250, na zilitoka mfukoni mwangu.

JavaScript haikuharibika. Ukilipa jina thamani bila kulitangaza, linakuwa la ukurasa mzima. Ni kama kuacha ndoo yako kwa bomba la ploti: utarudi upate jirani ameshamwaga maji yako na kuweka yake. Tena kuna "use strict", mstari mmoja tu juu ya faili, uko tangu 2009. Ningekuwa nao, brauza ingekataa huo upuzi papo hapo. Chuoni tulikariri maana ya skopu kwa ajili ya mtihani, tukaiacha mlangoni tukitoka.

Sasa var yenyewe. Inakaa ndani ya fanksheni, hilo nakubali, lakini haiheshimu mabano ya if wala for. Weka setTimeout ndani ya lupu ya mara tatu, uhesabu na var i kuanzia 0, kila moja ichapishe i. Utapata 3, 3, 3. Badilisha iwe let i: 0, 1, 2. Neno moja tu! Bado ni sawa?

Najua mtasema var bado inafanya kazi. Ndiyo, kwa sababu brauza haziwezi kuvunja kurasa za zamani. Hiyo ni sababu ya kuielewa ukiikuta, si sababu ya kumwanzishia nayo mtu anayejifunza leo. let na const ziko rasmi tangu 2015. Tunangoja nini?

Na wewe unayeandaa "si uliacha chuo wewe", ndiyo, niliacha. Fungua brauza ujaribu hiyo lupu. Haitakuuliza cheti.

Ombi langu kwa wote tunaofundisha, wa darasani na wa mtandaoni: kabla ya lupu, kabla ya vitufe vya kupendeza, mwanafunzi ajue kujibu swali moja. Hili jina linaonekana wapi, na nani anaweza kuligusa? Aanze na const, atumie let thamani ikibadilika, var aiache.

Mkiruka hilo, anayelipa si nyinyi. Ni mama wa keki.