Chakula Kikiiva, Runinga Izimwe

Nasema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta niko upande gani. Katika nyumba ya watu wanaoheshimiana, chakula kikiandaliwa runinga huzimwa. Haipunguzwi sauti wala haigeuzwi upande, huzimwa. Nasema hivyo nikiwa mpenzi wa kandanda tangu utotoni, na wala sina ugomvi na runinga yenyewe. Najua wapo watakaoniita mshamba. Huku Mamba, katika bonde la Rukwa, neno hilo halitutishi sana, kwa kuwa shamba ndilo linalotulisha.

Kwanza tuipe runinga haki yake. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza kuona picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, na televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Kwetu pembezoni, wakati huo Mamba ikiwa bado katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujazaliwa mwaka 2012, tulingoja zaidi ya hapo, mpaka madishi na sola vilipoanza kuonekana juu ya mapaa. Kwa hiyo hamu ya watu naielewa. Aliyenyimwa kitu kwa miaka mingi, akikipata hukishika kwa mikono miwili. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hajapewa jembe hadi leo. Amekaa mahali pa mwenye nyumba, na kila mtu amegeuza kigoda kumwelekea yeye.

Wenye kumtetea hutanguliza mpira. Husema, "Mpira tumeufuata siku zote, mbona zamani hukulalamika?" Zamani mpira ulikuwa na adabu ya saa. Viwanja vyetu vingi havikuwa na taa, hivyo Yanga na Simba, au timu yoyote ya ligi, walianza saa 10 alasiri na kumaliza kabla jua halijazama. Tulikusanyika kwenye redio ya mkulima, tukamsikiliza Charles Hilary na wenzake wa Radio Tanzania wakitujengea uwanja mzima kwa maneno, tukashangilia au tukanuna, na saa 12 kila mtu akarudi kwake kunawa mikono. Mpira ulikuwa umekwisha na ugali ulikuwa bado jikoni. Hata aliyefungwa alipata pa kupoozea uchungu wake, yaani kwenye sahani, kati ya watu wake.

Sasa hivi saa za mpira zinapangwa kwa kufuata kamera. Ligi yetu wenyewe ina mechi za saa 1 usiku, na nyingine huanza baada ya hapo. Ya Uingereza, wakicheza saa 9 alasiri kwa saa zao, kwetu ni saa 11 au saa 12 jioni kutegemea majira yao, na mechi inayofuata inatukuta usiku. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ndiyo kabisa: saa 4 usiku, na kwenye baridi yao saa 5. Anayezipanga anafikiria chakula cha jioni cha watu wa London na Madrid na matangazo ya biashara yake. Chakula cha Mamba hakimhusu, na simlaumu. Namlaumu baba wa hapa hapa anayekubali saa ya nyumba yake ipangwe na mtu asiyejua kama kijiji chake kipo.

Tukiingia jikoni ndipo tutaona ni kitu gani kinachodharauliwa. Chakula chetu ni cha kawaida: ugali wa mahindi au wa muhogo, maharage, kisamvu cha karanga, mlenda, matembele, majani ya maboga, siku nyingine dagaa wa Tanganyika au samaki wa Rukwa, na wali kwa kuwa mpunga unastawi katika mbuga zetu. Watu hukiita chakula rahisi, neno linalotumiwa na walaji tu. Maharage yanataka kuni na saa nyingi. Kisamvu hutwangwa mpaka mikono iume, halafu kinachemshwa muda mrefu, na karanga nazo zina kinu chake. Ugali wenyewe husongwa kwa nguvu ya mabega mbele ya moshi, na una saa yake ya kuliwa: ukitolewa tu, ukiwa wa moto, unaotoa mvuke ukikatwa tonge. Ukiachwa robo saa unaota gamba juu, na mlenda uliopoa hauna wa kumshawishi.

Basi mama amehangaika tangu alasiri, anaweka sinia chini, na anachojibiwa ni, "Weka hapo." Macho hayajaondoka kwenye kioo. Mkono unatafuta tonge kama mkono wa kipofu. Mtu anakula asijue amekula nini, na ukimwuliza kesho mboga ilikuwa gani atakutajia nani alitoa pasi ya goli. Mimi hili naliita tusi, hata likisemwa kwa sauti ya upole. Tena ni afadhali huyo aliye nyumbani. Mwenzake ameacha chakula kwenye hotpoti, amekwenda kibanda cha mpira kulipa kiingilio kwa pesa ambayo asubuhi alisema hana ya kununulia dagaa, na atarudi saa 7 usiku kumwamsha mke ampashie moto.

Wala msidhani nawasema wanaume peke yao. Tamthilia za akina mama nazo zina zamu yake, na nimeona sufuria ya maharage ikiungua kwa sababu mchumba wa mtu wa Ufilipino alikuwa hajajulikana kama atafufuka. Na hao wapishi wa kwenye runinga, wenye jiko la kuchomea na vibakuli vidogo kumi, wamewafanya binti zetu waone haya kumwandalia mgeni mlenda. Dawa si kuwafukuza wapishi hao. Binti na aangalie, ajifunze, kisha azime, akaweke chini chakula alichokipika yeye, nacho kitazamwe.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni watoto. Kwetu watoto hula sahani moja. Hapo ndipo mtoto alipokuwa akijifunza kungoja mkubwa anawe kwanza, kutochokonoa upande wa mwenzake, na kumwachia mdogo kipande cha samaki. Washa runinga uone: mwenye macho kwenye kioo anameza tonge kavu, na mjanja asiyejali mpira anamaliza mboga. Mzazi hana habari, kwa kuwa naye yuko Manchester. Kuna watoto wanaodhoofika katika nyumba ambayo chakula kinatosha, na hakuna anayejiuliza nani hasa anakila.

Tena katika bonde hili la joto na mbu, homa ya malaria huanzia kwenye sahani. Kabla paji la uso halijawaka, mtoto hukataa kula. Mama mwenye macho huona tonge moja limerudishwa, akaweka mkono shingoni, na safari ya zahanati ikaanza mapema. Nyumba moja ninayoijua, mtoto wa miaka minne aliegemea ukuta tangu filimbi ya kwanza. Walidhani amesinzia. Mpira ulipokwisha wakamkuta anatetemeka, na baba akambeba gizani kwa baiskeli. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini ile saa moja na nusu alikaa katikati ya watu saba, wote wazima, na hakuna aliyemtazama.

Msomaji mmoja anaweza kunibana hapa: "Redio nayo ilisema wakati wa kula. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku tuliisikiliza tukila, na hukuona ubaya." Hoja hii ni nzuri na inataka jibu. Redio iliomba sikio tu. Macho yalibaki yetu, na mtu aliweza kusikia habari za Dodoma huku akimwona mwanawe hali. Runinga haikubali nusu, inataka sikio, jicho na shingo. Ndiyo maana watu wanaosikiliza redio hukaa kwa duara, na watu wanaoangalia runinga hukaa kwa mstari kama abiria wa basi. Familia iliyokaa kama abiria haizungumzi, inangoja kufika.

Mwingine atasema mpira hauna marudio, na mechi ya Taifa Stars si ya kukosa. Nakubaliana naye kabisa. Taifa hili lilicheza fainali za Afrika mwaka 1980 kule Lagos, kisha likangoja miaka 39 hadi 2019 kule Misri. Mtu akitaka kuona kila dakika simzuii, nitakuwa naye benchi moja. Ila sufuria inasogezeka. Mechi ikiwa saa 2, tule saa 12 na nusu. Ikiwa saa 12, tule ikiisha. Ninachokataa ni vyote viwili kwa pamoja, kwa kuwa vikichanganywa mpira ndio unaoshinda kila siku na chakula ndicho kinachofungwa. Na mtu akiniambia mkewe hawezi kusogeza saa ya kupika, nitamwomba akachanje kuni yeye, aone saa itakavyosogea.

Sitaki sheria ya kijiji wala tangazo la mtendaji. Jambo hili ni la mlango wa mtu, na linamalizwa na mkono mmoja. Nusu saa yatosha. Katika nusu saa hiyo ndipo hupangwa palizi ya kesho, ndipo hujulikana nani hakwenda shule, ndipo mke na mume waliokosana mchana hulazimika kupeana chumvi. Tusipokutana hapo tutakutana wapi? Shambani kila mtu na mstari wake, na usiku kila mtu na usingizi wake.

Kwa hiyo, baba mwenye rimoti, usimngoje mama akuombe, maana hataomba. Amekwisha kuzoea kusema na kisogo chako. Ukisikia mwiko umegongwa kwenye ukingo wa sufuria, zima, geuza kigoda, nawa mikono. Matokeo utayakuta, hata kesho yatakuwa yale yale. Ugali hauna kesho.