Tumekuja Kutazama Mpira, Hatukuja Kutazamwa



Sisi ni mafundi cherehani wa Kitanga, huku Kasulu, mkoani Kigoma. Tunashona magauni ya harusi, abaya, mitandio, na jezi za timu za vijana zikituijia. Leo tunaweka mkasi chini tuseme habari ya mpira.

Mteja wetu mmoja, biharusi mtarajiwa, alikuja kupima gauni zikiwa zimebaki wiki mbili afunge nikaha. Jioni akaenda na wadogo zake kumtazama kaka yao akicheza. Kaka akafunga bao, dada akaruka kwa furaha, mtandio ukateleza. Ni sekunde chache tu, akaurudisha. Lakini kijana mmoja pembeni ya uwanja alikuwa ameelekeza simu kwake, si golini. Kabla ya Isha video ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp, na maneno ya kejeli juu yake. Kesho yake upande wa bwana harusi wakapiga simu kuuliza huyu ni mwanamke wa namna gani.

Gauni lilikaa kwetu siku tisa, hakuna aliyelifuata. Nikaha ilifungwa, alhamdulillah, lakini baada ya vikao vitatu, na aliyeombeshwa msamaha ni yeye. Aliyepiga picha hakuulizwa hata jina.

Tunajua mtakachoambiwa: angekaa nyumbani. Hapana. Saudi Arabia kwenyewe wanawake wanaingia viwanjani tangu Januari 2018. Na wanaopenda kutukumbusha Suratun-Nur waanzie aya ya 30, ambayo inawaamrisha wanaume kuinamisha macho, kisha ndiyo inakuja ya 31 inayotuhusu sisi. Kamera ya simu ni jicho pia. Na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza kuchunguzana. Mtandio kuteleza ni bahati mbaya. Kurekodi, kuandika kejeli na kusambaza ni makusudi. Iweje mwenye bahati mbaya ahukumiwe na mwenye makusudi aende zake?

Wengine watasema mpira ni jambo la hadharani, kila mtu ana simu. Sawa, lakini kanuni za picha viwanjani zipo siku nyingi. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, mtazamaji aliruhusiwa kupiga picha za kumbukumbu yake, si za biashara, wala si kurusha mechi moja kwa moja. Kwa nini? Kwa sababu kuna waliolipa fedha nyingi kununua haki ya matangazo. Basi kumbe inawezekana kumwambia mtu simu yako ina mpaka! Mpaka umewekwa kulinda fedha. Sisi tunataka uwekwe na wa kulinda heshima.

Wala hatuombi kitu kigeni. Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Kama mtu ana haki ya sura yake klabuni, ataikosaje uwanjani? Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko.

Na sisi wanawake tunazijua kanuni hizi kuliko mtu yeyote. Shughuli zetu za kupamba biharusi, simu zinakusanywa mlangoni. Mgeni akitoa simu kwa siri, shangazi wa watu anamfuata hapohapo. Hakuna anayesema biharusi asingepambwa.

Basi tunayotaka ni machache. Piga picha ya mchezo, jipige na wenzako, lakini usimvute karibu mwanamke usiyemjua, wala usimsambaze bila ridhaa yake. Lisemwe hilo kwenye kipaza sauti kabla ya mechi na liandikwe kwenye tiketi. Awepo mtu wa kupokea malalamiko, na mwanamke mwenzetu awe miongoni mwao. Kwenye viwanja vyetu vya vijijini, mwenyekiti wa timu aseme kwa mdomo tu, yatosha. AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Kanuni hii ianze sasa, tusingoje wageni waje kutufundisha.

Na nyinyi mabiharusi, bana mtandio kwa pini mbili, hilo ni letu na tunalikubali. Lakini video ya mwenzako ikikufikia, ifute. Usiipeleke mbele hata kwa kumhurumia. Mama mkwe akiuliza kuhusu mkamwana wake, mwambieni aanze na swali hili: nani aliyerekodi?

Allah atusitiri sote, na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri wenzetu. Amin.