Wazee, Mchanga Mliuuza Ninyi

Kila Agosti shule zinapofungwa, na tena Disemba watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani, mahubiri yaleyale hurejea katika makanisa na matanga ya Mbooni, kaunti ya Makueni. Mhubiri husimama, huwatazama vijana walioketi nyuma, kisha hueleza jinsi kizazi hiki kilivyopotoka: kinakwenda kwenye silanga, yaani bwawa la kijiji, kuogelea, kupiga picha na kufungulia muziki, ilhali wazazi wao walijua kwamba maji ni kazi. Enzi hizo, huendelea, mtu alishuka mtoni na mtungi mgongoni, akateka, akarudi nyumbani, basi. Waumini huitikia amina. Imani hii imekubalika kuanzia sokoni Tawa hadi ng'ambo ya Mto Athi upande wa Kitui, wala hakuna anayeitilia shaka. Ni imani ya uongo, na ukiuchunguza vizuri utaona uongo huo una watu unaowasitiri.

Tuanze na huo mto wa kazi tupu. Thwake na Kaiti ni mito ya msimu. Hufurika mvua zinaponyesha, kisha maji ya juu hutoweka na yaliyosalia hujificha chini ya mchanga. Kiangazi kikikaza, watu walichimba visima kwenye mchanga huo, wakateka ya nyumbani, wakanywesha mifugo. Sasa fikiria mambo yenyewe yalivyokwenda. Kunywesha kundi la ng'ombe kwa kata, kutoka shimo moja linalojaa polepole, kulimaliza sehemu kubwa ya siku, na wavulana waliokaa siku kutwa kwenye mchanga laini hawakukaa wakisali. Walipigana mieleka, walirukaruka, walioga uchi katika vidimbwi vilivyobaki chini ya miamba. Wasichana waliotumwa maji walichelewa kurudi kwa sababu ambazo mama zao walizielewa barabara, maana nao waliwahi kuchelewa. Jioni ilikuwa ngoma. Gerhard Lindblom, Msweden aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kwa kirefu kuhusu ngoma za vijana, na wamishonari wa Africa Inland Mission, waliofungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895, walizilaumu ngoma hizo kwa maneno ambayo mhubiri wa leo angeyatambua mara moja. Kumbe babu yake naye alihubiriwa hivyohivyo! Huenda aliyekuwa akihubiriwa aliinamisha kichwa akisubiri ibada iishe, mbalamwezi itoke.

Mtetezi wa zamani atasema kwamba walau watu wa wakati ule walifanya kazi. Walifanya, hakuna anayebisha. Wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni hadi 1992, ilipata umaarufu duniani kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na matuta hayo pamoja na mabwawa mengi yalichimbwa kwa mikono na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ambavyo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wanawake. Lakini nani aliwahi kuona mwethya wa kimya? Waliimba, walitaniana, walipika, walisengenya nusu ya kijiji kabla ya jua kufika utosini. Raha ilikuwa ndani ya kazi yenyewe, na ndiyo iliyowarudisha watu juma lililofuata. Mzee anayesimulia leo hulikumbuka jembe na kuusahau wimbo, halafu anamgeukia mjukuu wake na kumwambia kwamba furaha ni ugonjwa ulioingia na simu.

Hata hivyo, kusahau wimbo si kosa kubwa. Kubwa ni kusahau mchanga. Ule mchanga wa mtoni ndio uliokuwa uwanja wa michezo, kisima na ghala la maji kwa wakati mmoja. Katikati ya chembe zake hukaa maji kwa wingi, pengine hata theluthi ya ujazo wote, na kwa kuwa jua haliyafikii, hudumu miezi mingi baada ya mvua. Wakamba waliielewa hesabu hii kiasi cha kujenga kuta za zege kukatiza mito ili mchanga urundikane nyuma yake: Joshua Mukusya na kikundi cha Utooni walianza kazi hiyo Machakos mwaka 1978, na shirika la SASOL likajenga mamia ya kuta kama hizo Kitui. Wageni kutoka mbali huja kujifunza. Na huku kuta zikijengwa, malori yalikuwa yakishuka mtoni usiku na mchana kuuzoa mchanga ule na kuupeleka Nairobi ukawe maghorofa. Ilifika mahali watu wakauana kwa ajili yake, askari polisi akiwemo, hadi bunge la kaunti ya Makueni likatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, limeonya kwamba dunia hutumia tani zipatazo bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Wangetaka mfano wa karibu, ni mwendo wa saa chache tu kwa gari.

Sasa niulize polepole: nani aliyeuuza mchanga? Mtoto aliyezaliwa Tawa mwaka 2008 hakuwa na lori, hakuwa na shamba linalopakana na mto, hakuketi kwenye kamati ya kijiji iliyopokea ada ya kila lori, wala hakuwa chifu aliyegeuza uso pembeni. Alipopata akili alikuta mwamba mtupu na kingo zilizobomoka. Maji ya mvua hupita juu ya mwamba huo kwa kasi, yakaishia Athi, na baada ya wiki chache hapabaki pa kutumbukiza hata mguu. Waliouza ni kizazi kilekile kinachomsimanga leo kwa kwenda kuchezea silangani. Wengine walilipa karo kwa fedha hizo, nami siwahukumu kwa hilo. Lakini huwezi kuuza uwanja kisha ukamlaumu mtoto kwa kucheza kwingine.

Basi vijana wamekwenda yalikosalia maji. Wanakwenda kwenye silanga ya kijiji, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli mjini Wote kwa wenye pesa za kiingilio, na wakichangishana nauli wanakodi matatu hadi bwawa la Masinga. Bwawa lenyewe, lililokamilika mwaka 1981 na kuenea eneo la kilomita za mraba zipatazo 120, lilijengwa kuhifadhi maji ya Mto Tana kwa ajili ya umeme, na hakuna aliyewauliza watu wa Ukambani wangependa kuketi wapi kando yake. Kizazi cha kwanza kililiona kama maji yaliyomeza mashamba, cha pili kikajifunza kuvua samaki ambao babu zao wala hawakuwala, na cha tatu kinapeleka wachumba pale Jumapili. Kila kizazi kilipokea maji kwa sura yake na kikayafurahia au kuyachukia kwa kadiri hiyo. Maadili hayahusiki hapa, ila kwa yule anayetafuta mtu wa kulaumu.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ile ya picha. Eti vijana hawayafurahii maji, wanapiga picha tu. Tafadhali, fungueni albamu zenu. Humo mna picha za studio za miaka ya sabini: kijana wa suruali pana na miwani nyeusi, amesimama wima mbele ya pazia lililochorwa meli, minazi na bahari ya buluu, naye pengine hajawahi kufika hata Mtito Andei. Aliyejipiga picha mbele ya bahari ya rangi hana mdomo wa kumcheka anayejipiga mbele ya maji ya kweli. Kuhusu pombe nitasema kidogo tu: kaluvu haikuwa uji.

Kuna hoja moja isiyochekesha, nayo ni kwamba maji yanaua. Yanaua kweli. Lakini mwaka 2021, tarehe 4 Disemba, basi lilipozama katika Mto Enziu karibu na Mwingi na watu zaidi ya 30 kufariki, waliokuwa ndani hawakuwa wameenda kustarehe. Wengi walikuwa wanakwaya wakielekea arusini. Maji hayachagui mcheza na mcha Mungu. Humchukua asiyejua kuogelea, na humchukua haraka zaidi pale serikali ilipochelewa kujenga daraja. Shirika la Afya Duniani limependekeza miaka mingi kwamba watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea. Sisi tunawafundisha kuogopa, kisha tunawapa mtungi na kuwatuma kwenye silanga ileile yenye kingo za utelezi. Ukiwauliza walimu, watakwambia hakuna muda, mtaala umejaa. Muda wa masomo ya ziada wakati wa likizo, ambayo sheria ya elimu ya 2013 iliyapiga marufuku, haujawahi kukosekana, na ada yake hukusanywa bila risiti.

Suala hili lina uharaka kuliko mahubiri yanavyodhani, kwa sababu Ukambani unakaribia kupata ziwa. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 pale Thwake inapokutana na Athi, katika mpaka wa Makueni na Kitui, lina ukuta wa zaidi ya mita 80 na limekusudiwa kushika maji ya mita za ujazo milioni 680 hivi. Tarehe za kukamilika zimesogezwa mara nyingi kiasi kwamba wanasiasa wameligeuza kuwa salamu ya kampeni. Kwenye hotuba zao tunasikia habari za maji ya kunywa, kilimo na umeme, na vyote hivyo vinahitajika. Ufuko wa wananchi hautajwi. Bila mpango ulioandikwa, kando ya maji hayo patagawanywa kuwa ploti za hoteli na za wakubwa, ua utapanda, na mtoto wa Tawa ataambiwa alipe langoni au aogelee mahali pa mamba. Kaunti zote mbili zitenge sasa hivi sehemu ya ufuko iliyo wazi kwa wote, ziweke waokoaji na boti, ziajiri walimu wa kuogelea kwa ajili ya shule za jirani, na ziandike hayo katika sheria kabla ramani za ploti hazijaanza kupita mikononi mwa madalali. Mhubiri anayetaka kusaidia ana kikao cha ushirikishwaji wa umma cha kuhudhuria, na aje na wazee wenzake waliopokea ada za malori. Wao ndio wanaofahamu kuliko sisi sote jinsi mali ya umma inavyoondoka usiku.