Bastola Ifichwayo Chini ya Shati: Uwanja wa Shabaha Utuambie Nini?

Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku askari polisi aliye nje ya zamu kubeba bunduki. Amri hiyo ilikuwa na sababu zake. Tarehe 2 ya mwezi huo, Kanali mstaafu Charles Okello Engola, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia mambo ya kazi, aliuawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe nyumbani kwake Kyanja. Siku kumi baadaye konstebo mmoja aliingia katika ofisi ya mkopeshaji fedha, Bwana Uttam Bhandari, katikati ya Kampala, akamwua kwa bunduki ambayo hata haikuwa yake. Alikuwa ameichukua kwa mwenzake. Katika misiba yote miwili silaha ilikuwa ya serikali, na kidole kilichofyatua kilikuwa cha mtumishi wa serikali.

Tunayakumbusha haya kwa sababu twataka kuzungumza juu ya bastola ndogo, ile ambayo kachero huivaa kiunoni na kuifunika kwa shati, na ambayo kila afisa afanyaye kazi kwa nguo za kiraia angependa kupewa. Viwanda vya dunia vimeitengeneza upya katika miaka ya karibuni. Zamani mtu alikuwa na njia mbili tu. Aliweza kuchukua bastola kamili kama ile Browning ya mwaka 1935, iliyobeba risasi 13 na kukaribia uzito wa kilo moja, naye akajulikana mtaani kutokana na uvimbe wa koti lake. Au aliweza kuchukua kibastola cha mfukoni chenye risasi chache na nguvu haba. Makarov ya Warusi, iliyoingia jeshini mwao mwaka 1951, ilisimama katikati kwa risasi zake 8. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa P365, yenye mtutu wa milimita 79 na uzito wa nusu kilo hivi, nayo yabeba risasi 10 za milimita 9 katika magazini isiyozidi kiganja. Wengine wakafuata. Leo muuzaji aweza kumwekea mnunuzi wa serikali mezani kitu kilicho kidogo kama cha zamani na chenye risasi karibu sawa na za ile Browning.

Je, mnunuzi aamini? Hapo ndipo uwanja wa shabaha unapohitajika, na hapo ndipo majaribio mengi yanapokosewa. Bastola huletwa, afisa mkubwa hupiga risasi kumi au kumi na tano kwenye karatasi iliyo mita saba mbele yake, amesimama kwa raha, kivuli kizuri, mikono miwili. Karatasi hutobolewa katikati, watu hupiga makofi, na hati ya ununuzi hutiwa sahihi. Jaribio la namna hiyo limepima karatasi tu.

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Kwenye bastola kubwa, kilengeo cha mbele na cha nyuma hutengana kwa sentimita 16 na nusu hivi. Kwenye ndogo, tuseme sentimita 13. Mkono wa mpigaji ukitetemeka hata kilengeo cha mbele kikasogea milimita moja tu, risasi ya bastola kubwa itakosea kwa sentimita 4 katika mita 7, na ya ndogo kwa sentimita 5. Tofauti hiyo haina maana. Lakini rudi nyuma hadi mita 25, na bastola kubwa itakosea kwa sentimita 15, ndogo kwa sentimita 19. Na hiyo ni milimita moja, ya mtu aliyetulia. Askari aliyekimbia ngazi tatu, moyo ukimdunda kifuani, hatetemeki kwa milimita moja. Kwa hiyo jaribio la haki hupigwa karibu na mbali, na shabaha yake kuu ni kumwonyesha askari umbali ambao kwake ni mwisho: akiuvuka huo asifyatue, bali ajongee au angoje.

Halafu kuna teke. Sheria ya maumbile ni ileile: risasi ya nguvu ileile ikitoka katika chuma chepesi, chuma hicho huruka zaidi mkononi. Mpini mfupi huacha kidole kidogo kikining'inia hewani. Risasi ya kwanza huenda vizuri. Ya pili na ya tatu hupanda. Springi ya bastola fupi ni ngumu, na sehemu ya juu hurudi nyuma kwa haraka katika nafasi finyu, hivyo mshiko uliolegea waweza kuikwamisha. Askari mwenye mikono midogo, wa kike kwa wa kiume, aijaribu mwenyewe kabla ya kukabidhiwa. Asijaribiwe kwa niaba yake na mwalimu mwenye vidole kama ndizi za matoke. Na mtutu mfupi huipokonya risasi sehemu ya kasi yake, basi risasi zitakazotumika kazini ndizo zipigwe katika jaribio, wala si zile za bei rahisi za mazoezi.

Wamarekani walilipia somo juu ya risasi kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, makachero wa FBI walipambana na wanyang'anyi wawili. Makachero wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo shirika hilo lilianza kupima risasi kwa kuipiga katika ute mzito ulio mfano wa nyama, na kudai iingie kati ya inchi 12 na 18. Likahamia risasi kubwa zaidi, askari wengi wakashindwa kuzimudu, na katika muongo wa 2010 likarudi kwenye milimita 9. Miaka ipatayo thelathini ilitumika kugundua kwamba risasi ambayo askari hawezi kuielekeza haimsaidii, iwe kubwa namna gani.

Jambo la kuanguka chini nalo lisipuuzwe. Mwezi Agosti 2017 ilidhihirika kwamba bastola nyingine ya kampuni hiyohiyo tuliyoitaja, P320, iliweza kujifyatua ikianguka kwa pembe fulani, na kampuni ikatangaza kuzirekebisha zilizokwisha uzwa. Bastola hiyo ilikuwa imekwisha chaguliwa na Jeshi la Marekani mwezi Januari mwaka uleule. Ikiwa jeshi lenye mafundi na fedha kiasi hicho laweza kupitiwa na jambo kama hili, mnunuzi wa Afrika ya Mashariki asione haya kuidondosha bastola sakafuni kwa kila upande, ikiwa na ganda lenye baruti ya kuwashia bila risasi, kabla hajamlipa mtu senti moja.

Sasa tuutoke uwanja, twende Mengo. Tumeichagua Mengo makusudi, kwa sababu kilima hicho chajua silaha kuliko vilima vingi. Mwezi Januari 1892 ugomvi juu ya bunduki moja uliishia katika mauaji, na tarehe 24 vita vikalipuka hapo kati ya Waganda wa madhehebu mawili, huku Kapteni Lugard akiwagawia upande mmoja bunduki za Snider na kupiga Maxim yake kutoka kilima cha Kampala. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lililoongozwa na Idi Amin liliishambulia Lubiri, Kabaka Mutesa wa Pili akatoroka, na baadaye kasri likawa kambi, na Bulange ikageuzwa makao makuu ya jeshi. Mwenyeji wa Mengo akisikia mlio haulizi kama ni tairi.

Mtu asimame Bulange aiangalie ile barabara ya Kabaka Njagala inyookayo hadi lango la Lubiri, siku ambayo Kabaka anapita, au siku ya mbio za kuzaliwa kwake. Wanaume wamevaa kanzu na koti juu, wanawake gomesi, watoto wamepanda mabegani, pikipiki za bodaboda zimebanana ukingoni. Humo ndimo kachero wetu alimo na bastola yake ndogo. Naye pia amevaa kanzu, maana akivaa suruali na shati la nje siku hiyo atajulikana mara moja. Je, bastola iko wapi? Shati huinuliwa kwa mkono mmoja na bastola hutolewa kwa mwingine. Kanzu hufika kwenye vifundo vya miguu. Hiyo ni dakika ya aibu, na hatujaona kitabu cha mafunzo cha Ulaya chenye sura juu ya kanzu. Wakufunzi wetu wenyewe ndio watakaoiandika: bastola ining'inizwe chini ya koti, ubavuni, na askari afanye mazoezi ya kuitoa akiwa amevaa mavazi yaleyale, kwa saa ya kuhesabia mkononi mwa mwenzake.

Na akishaitoa? Taasisi ya RAND, katika utafiti wake wa mwaka 2008 kwa Polisi wa New York, ilikuta kwamba kati ya miaka 1998 na 2006, askari walipopigana risasi na mhalifu, wastani wa risasi zilizompata ulikuwa 18 kwa kila 100. Zile 82 zilikwenda mahali. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jumba la Empire State katika mji huohuo, askari wawili walimkabili mwuaji mwenye bastola. Walipiga risasi 16. Mwuaji alikufa, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hao walikuwa askari wenye bastola kamili, mchana, kwa umbali wa hatua chache. Barabara ya Kabaka Njagala siku ya sherehe ina watu wengi kuliko kijia kile cha New York.

Kwa hiyo, katika karatasi za shabaha pawepo na karatasi za raia, mbele na nyuma ya adui, na atakayemgusa raia hata mmoja ahesabiwe ameshindwa, japo awe amempiga adui mara tano. Wengine watasema sharti hilo ni kali mno. Kwa maoni yetu ndilo la lazima kuliko yote, na askari akishindwa mara mbili arudishwe kwenye kazi ya sare na rungu bila kuonewa haya.

Historia yasema jambo moja ambalo wapenda bastola ndogo hulisahau. Silaha ya kufichwa imemfaa mshambuliaji kuliko mlinzi. Lincoln aliuawa mwaka 1865 kwa kibastola cha risasi moja. Mrithi wa kiti cha enzi cha Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kwa FN ndogo ya mwaka 1910. Tom Mboya alipigwa bastola mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akitoka dukani. Na tarehe 19 Desemba mwaka huohuo Rais Obote alipigwa risasi ya mdomoni akitoka mkutanoni Lugogo, akanusurika. Mshambuliaji huchagua saa, mahali na umbali. Mlinzi hachagui. Tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, afisa mkuu wa polisi, aliuawa karibu na nyumba yake Kulambiro pamoja na mlinzi wake na dereva. Tarehe 1 Juni 2021 wenye bunduki waliokuja kwa pikipiki waliishambulia gari ya Jenerali Katumba Wamala huko Kisaasi. Yeye alijeruhiwa, binti yake na dereva wakafa. Mtu aliyefungwa mkanda ndani ya gari, bastola ikiwa chini ya mkanda huo na chini ya shati, ana nafasi gani? Uwanja wa shabaha uwe na kiti cha gari na mkanda wake. Tunakisia kwamba wengi wataona kwamba mguu wa dereva juu ya mafuta huokoa roho nyingi kuliko mkono kiunoni.

Limebaki la ghala. Bunduki ndefu haiwezi kupita lango la kambi bila kuonwa. Mlinzi wa lango ataiuliza jina. Bastola ya nusu kilo hupita mfukoni, hulala chini ya mto nyumbani, hukaa katika droo ambayo mtoto aweza kuifungua, huingia baa Jumamosi. Tarehe 20 Juni 2018 Rais aliliambia Bunge kwamba bunduki zote zichukuliwe alama, ili kila risasi itakayookotwa ijulikane imetoka katika mtutu upi. Kwa bastola ndogo alama hiyo ichukuliwe palepale uwanjani, siku ya jaribio, kabla haijapewa mtu: ganda moja na risasi moja zitiwe katika bahasha, zifungwe, ziandikwe namba. Na mtunza ghala apewe daftari lenye safu mbili za saa, ya kutoka na ya kurudi, pamoja na hesabu ya risasi kwa kila moja. Saa ya kurudi ikipita na safu ya pili ikiwa tupu, apige simu usiku huohuo, hata kama jina lililoandikwa ni la mkubwa wake.