Wasee, Tuache Kutibu Kuku kwa Video, Hata Zangu

Nianze kwa kukiri. Kama umenifuata tangu mwaka jana, unajua mimi ndio yule msee husema digrii ni karatasi. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikataa, nikashika simu nikaanza kupiga video, na hayo maneno yamenilisha. Watu wanayapenda. Niko nayo hadi kwa tisheti. Sasa wiki jana kuku wa mathe akawa mgonjwa, na tangu hiyo siku tisheti sijaivaa.

Kuku mwenyewe anaitwa Landilodi. Tunaishi Githurai, na nyuma ya nyumba mathe ana kuku sita kwa kibanda cha mbao za mabaki. Huyu mmoja hutembea kwa ploti kila asubuhi akichungulia mlango kwa mlango kama anakusanya kodi, ndio maana ya jina. Mayai mathe huuzia majirani, na sio pesa ya kununua gari, lakini ndiyo hununua tokeni za stima. Simu yangu huchajiwa na hao kuku. Kwa hivyo usiniambie ati ni kuku tu.

Jumanne asubuhi Landilodi hakutoka. Nilimpata kwa kona, manyoya yamefura, macho nusu, mkia umeshuka. Akijaribu kutembea anapanua miguu kama mtu ameshikwa na tumbo na choo kiko mbali. Anakaza, anaachilia, anakaza tena. Chakula hataki.

Ndani ya nusu saa kila mtu kwa ploti alikuwa daktari. Jirani wa mlango wa pili: hiyo ni kideri, chinja kabla hajafa mwenyewe. Mzee wa huko mwisho: mpe maji ya pilipili na majivu. Mwingine akasema mshubiri. Binamu yangu kwa simu akaniambia nipasue kapsuli ya dawa ya kifua ya binadamu, nusu asubuhi, nusu jioni. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafanya kile najua kufanya. Nikawasha kamera.

Nikaenda agroveti. Nikamwambia jamaa kuku ni mgonjwa. Hakuuliza ana umri gani, hakuuliza anataga ama hatagi, hakuuliza wengine wako aje. Aligeuka tu, akashika pakiti ya antibayotiki ya unga, akasema kijiko kwa maji ya kunywa, mia moja hamsini. Sekunde kumi na tano, nimehesabu kwa video yangu mwenyewe. Nilitaka kumkasirikia lakini nikashindwa, kwa sababu mwaka jana mimi ndiye nilikuwa naambia watu wanunue hiyo pakiti.

Ngoja nieleze. Mwaka jana kuku wetu wawili walikuwa wanapiga chafya, nyuso zimevimba, pua zinanuka. Tukawapa huo unga, wakapona. Nikapiga video ya dakika moja: kuku wako anakohoa, usisumbuke na daktari, dawa ndio hii. Ilipata watazamaji zaidi ya elfu arobaini, kubwa kuliko zangu zote. Miezi miwili baadaye kuku wa mama mboga wa hapo kwa kona wakaanza kukoroma. Alikuwa nao kumi na wanne. Akaona video, akanunua unga, akawapa, akangoja wapone kama wangu. Siku ya tatu kinyesi ni kijani, mmoja shingo imepinda anaangalia juu kama anatafuta ndege. Wiki ikiisha alibaki na wawili. Hakuwahi kunilaumu. Bado huniongezea dania bure, na hiyo dania huwa haishuki vizuri.

Ile ilikuwa kideri. Kideri ni virusi, na antibayotiki haiui virusi, iwe ni kwa kuku ama kwa mtu. Dawa yake haipo. Iko chanjo: tone moja kwa jicho kuku akiwa mzima, na unarudia kila miezi mitatu hivi. Ikishaingia kibandani umechelewa. Kuku wetu walikuwa na kitu kingine kabisa, mafua ya bakteria, na hiyo hiyo pakiti inaweza kuyasaidia. Mwanzoni dalili zinafanana, hapo ndipo shida iko. Mimi sikujua tofauti. Nilichojua ni saa ngapi mwanga wa dirishani unakaa poa.

Sasa Jumanne niko hapo nje ya agroveti na pakiti mkononi, kuku anakufa nyumbani, na namkumbuka mama mboga. Nikampigia dada mmoja wa mifugo, amesoma diploma ya afya ya wanyama, huzunguka na pikipiki. Alifika saa nane mchana. Kitu ilinishangaza ni kwamba hakumgusa kuku kwanza. Aliuliza. Mko na kuku wangapi? Wengine wanakula? Walichanjwa lini? Huyu alitaga mwisho lini? Mnawalisha nini?

Mathe akajibu, mimi nusu ya hayo sikuwa najua. Landilodi alikuwa ametaga mwisho Jumamosi, na ganda lilikuwa laini.

"Na hao wengine watano wako sawa?"

"Wako sawa, daktari."

"Basi kideri sidhani. Kideri ikiingia kwa kibanda haichagui mmoja."

Akavaa glavu, akapaka kidole mafuta, akamwangalia polepole huku nyuma. Yai limekwama, akasema. Akanipa kidole changu nigusie tumbo kwa nje, taratibu, na kweli kulikuwa na kitu kigumu hapo. Nusu ya ploti ilikuwa imeshamhukumu kunyongwa kwa kosa la virusi.

Matibabu yenyewe yanafanana na kuogesha mtoto. Karai, maji vuguvugu yasiyochoma mkono, yanafika tumboni, dakika ishirini hivi. Nilidhani atapiga mabawa atumwagie sote. Wapi! Alikaa kwa maji, dakika kadhaa akafunga macho, kichwa kikaanza kuegemea mkono wangu. Sijui kama ushawahi kushika kuku akiwa amekuamini. Mapigo ya moyo yanaenda mbio sana, unayasikia kwa vidole. Hiyo nayo sikurekodi, mikono yote ilikuwa na kazi.

Baadaye unamkausha vizuri, unamweka kwa boksi lenye joto na giza, peke yake, na kalisiamu kidogo kwa mdomo. Na dada akanionya mara mbili: tumbo usikamue. Yai likipasuka ndani, vipande vinamkata na uchafu unaingia, hapo umemuua wewe mwenyewe. Yai lililokwama linaweza kumaliza kuku kwa siku moja au mbili. Hebu fikiria kama ningempa unga, nikakaa nikingoja dawa ishike.

Boksi niliweka jikoni kwa sababu kuna joto. Mathe akaingia. "Wewe kijana, hii ni jiko ama ni wodi?" Na alikuwa sahihi. Kuku, hata mzima, anaweza kubeba salmonela, na sufuria zetu ziko hapo hapo. Nikahamia kwa korido na blanketi, na kunawa kwa sabuni kila nikimgusa. Saa kumi alfajiri nikasikia vurugu ndani ya boksi. Nikamulika na simu. Yai lilikuwa limetoka, ganda kama karatasi iliyolowa, na Landilodi amesimama kando yake akiliangalia na dharau.

Kosa lilikuwa letu, na hili nataka mlisikie. Tulikuwa tumewalisha mabaki ya ugali na chakula cha vifaranga kwa sababu ndicho kilikuwa kimebaki. Ganda la yai karibu lote ni kalisiamu kaboneti, na kuku hulijenga kwa saa ishirini hivi kabla ya kutaga. Asipoipata kwa chakula, anaitoa kwa mifupa yake. Na misuli ya kusukuma yai pia inaitaka. Chakula cha kuku wa kutaga, ile leyas tunaiona ni ghali, kina kalisiamu mara tatu au zaidi ya kile cha vifaranga. Tuliokoa shilingi mia mbili kwa gunia na tukamlipisha kuku kwa mifupa.

Haya, pesa. Dada alichukua mia saba, kalisiamu mia mbili hamsini. Jirani wa mlango wa pili alicheka mpaka akakaa chini: kuku wa thao moja unamtibu na mia tisa hamsini? Si ungekula supu? Nimefikiria hilo swali kuliko alivyokusudia. Angesema hakuna tumaini, mathe angemchinja na nisingelia. Mimi sio wa kulaza kuku kwa kitanda. Lakini hiyo "chinja haraka" ya mtaani mara nyingi sio huruma. Ni kuuza haraka. Huyo kuku anaishia kwa sahani ya mgeni, ama kwa mafuta ya mtu wa kukaanga, ama kwa gunia kuelekea soko akiwa hai na ugonjwa wake. Na kama alikuwa amepewa antibayotiki, kuna siku za kungoja kabla ya kula nyama au mayai yake, zimeandikwa kwa pakiti, na nani husoma? Mama mboga aliambiwa auze wale wawili waliobaki. Aliuza. Kwa hivyo video yangu ilitoka kwa simu ikaingia kwa kuku wake, na pengine ikapanda matatu.

Najua mtaniambia: msee, sio kila mtu ako na mia saba. Kweli. Mtu wa kuku watatu hawezi kuita daktari kila kuku akikohoa, na hapo sina jibu safi. Lakini chanjo tunaweza. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa ploti moja, na ikishachanganywa inafaa iishe ndani ya saa chache, kwa hivyo kununua peke yako ni kumwaga. Mathe ameongea na ploti tatu za karibu, na Jumamosi tukachanja kuku thelathini na mmoja na chupa moja. Gawanya uone, ni pesa kidogo kuliko pakiti yangu ya unga. Na ukiita mtu, muulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Aliyesajiliwa hatakasirika.

Sijasema narudi kampasi. Karo bado ni ile ile na mfuko bado ni ule ule. Lakini kile yule dada alifunzwa kwa hiyo karatasi yake ni kuuliza maswali matano kabla ya kufungua mkoba, na mimi na watazamaji wangu elfu arobaini hatukuwa nacho.

Video ya zamani nimeifuta. Mtu ameniandikia ati alikuwa anaitumia, nimrudishie. Nimemuuliza ako na kuku wangapi na kama wengine wanakula.

Halafu nikaenda kwa mama mboga. Nilimweleza yote, kideri ni nini, unga haukuwa dawa, nilisema kitu sikijui. Alinisikiliza huku anakatia mtu sukuma. Akamaliza, akafunga karatasi, akaniangalia.

"Sasa hiyo ni pole ama ni kuku?"

Jumapili nimempelekea wawili, wamechanjwa. Wamebaki kumi.